Samaki Asiyehesabika

Samaki wote aina ya kuhe waliofugwa kwenye wavu wa Kizimba cha Kwanza ziwani waliingia kwenye bomba la umeme asubuhi ile bila hata mmoja wao kupiga mkia kwa nguvu. Waliingia kwa mstari, wakubwa kwa wadogo, kama waumini wanaotoka ibadani, na mbele yao wote aliogelea kuhe mmoja aliyeitwa Mlezi.

Asteria alikuwa amepiga magoti kwenye gati linaloelea, mkono wake wa kulia ukiwa umeshika mpini. Kazi yake wakati wa mavuno ilikuwa hiyo moja tu. Chini ya magoti yake bomba liligawanyika. Njia ya kulia ilikwenda kwenye umeme, ambao uliua kabla samaki hajajua lolote. Njia ya kushoto ilirudi kwenye tangi. Mlezi alipofika penye panda, Asteria alivuta mpini, mlango mdogo ukafunguka kwa kiasi cha samaki mmoja kupita, Mlezi akakata kushoto, mlango ukajifunga. Waliomfuata wakaendelea kulia.

"Kijani," Bukuru alitangaza kutoka kwenye pampu, akitazama taa iliyokuwa juu ya boya. "Kijani mwanzo, kijani mwisho. Mama profesa, siku yangu ya kufa ikifika, na mimi niletee mlezi."

"Wewe mlezi mmoja hakutoshi. Utabishana naye mpaka mlangoni."

"Si Muha mimi? Muha haendi mahali bila kuuliza kuna nini huko."

Asteria alicheka, akajifuta maji usoni. Taa ile ya kijani ndiyo iliyowaweka wote kazini. Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Hisia, samaki aliyekufa kwa hofu hakuruhusiwa kufika sokoni wala sahanini. Boya lilionja maji ya kizimba, likahesabu pumzi za matamvua, likatoa rangi. Ikiwaka kijani, samaki waliliwa. Ikiwaka nyekundu, walifukiwa kwa chokaa. Njano ilitaka maelezo mbele ya wakaguzi, na kwa kuwa hakuna kituo kilichopenda kutoa maelezo, kila mwenye kituo alijua namna ya kungoja njano ipite kabla ya kutuma taarifa.

Kabla ya jua kuwa kali, matoroli yalikuwa yakipanda Mlimani. Huko ndiko walikohamia watu wa pwani ya Kigoma baada ya ziwa kufura na kumeza nyumba zao. Ziwa liliwanyang'anya nyumba, kisha likawanyima na kitoweo. Maji ya juu yalipata joto, dagaa wakatoweka, migebuka ikawa hadithi ya kusimuliwa watoto. Kilichobaki ni kuhe wa vizimba. Mke wa Bukuru alikuwa Mlimani, na wanawe wote. Mama yake Asteria pia.

Dokta Kaboko, mkuu wa kituo, alisimama kando akiyatazama matoroli hayo mpaka la mwisho lilipopotea kwenye kona. Alikuwa Mmanyema wa Ujiji, mtu mzima mwenye mgongo ulioanza kupinda, na kila mavuno yalipokwisha salama aliguna kidogo kama mtu aliyetua mzigo.

"Umeona, mwanangu?" alimwambia Asteria. "Katika umri wako mimi nilivuna kwa nyavu. Walikuwa wanapandana. Wa chini wanakufa kwa uzito wa wenzao, macho yamewatoka. Nilikuwa nikirudi nyumbani siwezi kula." Akaelekeza kidevu kwenye maji yaliyotulia. "Leo wanakufa hivi."

Asteria aliitikia. Aliamini kila neno. Ndiyo sababu alikuwa ameomba kazi hapa alipomaliza chuo, akaacha nafasi ya mjini. Alikuwa amesoma kwamba hofu ya samaki huambukiza kama miayo: mmoja akishtuka, aliye karibu naye humwona, hushtuka, na kabla hujageuza shingo kundi zima limeshtuka ingawa ni mmoja tu aliyeona hatari. Na amani nayo huambukiza vivyo hivyo. Ugunduzi wa Dokta Kaboko ulikuwa huo. Nyuma ya kichwa cha kuhe mmoja, Mlezi, alipachika kidonge cha chuma kidogo kuliko punje ya mtama, na kila mara kidonge kilipopewa ishara kilimimina isotosini, kemikali ambayo kwa samaki ni ndugu wa ile inayomjaa mama anaponyonyesha. Mapezi ya Mlezi yalikunjuka. Matamvua yake yakapumua taratibu. Maelfu waliomwona waliamini kwamba mbele hakuna baya.

*

Tangi la mapumziko lilikuwa jeupe, safi, lenye chakula cha kutosha. Mavuno yakiisha, Dokta alikifunga kidonge ili kisiishe nguvu, na Mlezi akaachwa apumzike mpaka atakapohitajika tena.

Siku ya pili baada ya mavuno, Asteria alikwenda kumtazama. Alimkuta amegeukia kona, pua yake inakaribia kugusa ukuta. Chembe za chakula zilikuwa zimelala chini bila kuguswa. Mistari myeusi ya ubavuni, ambayo kuhe mwenye furaha huwa nayo wazi kama kitenge kipya, ilikuwa imefifia hadi rangi ya majivu. Asteria aligonga kioo kwa kucha. Mlezi hakugeuka.

Alitafuta kipima-hofu cha akiba stoo, akakitumbukiza ndani ya tangi. Taa ikawaka nyekundu. Akakitoa, akakisuuza, akakirudisha. Nyekundu.

Dokta Kaboko alikuwa ofisini akinywa kahawa chungu. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Hicho kifaa ni cha vizimba," alisema hatimaye.

"Maji ni maji, Dokta. Ana hofu. Ana hofu kuliko samaki yeyote niliyewahi kumpima."

"Amechoka."

"Kwenye bomba mwili wake unasema amani kwa sababu kidonge kinausemesha. Kikifungwa, kilichokuwa ndani kinatoka. Anaona wenzake wakienda kulia, Dokta. Kila mara anawaona, na kila mara yeye anarudi."

Dokta alizungusha kikombe mezani. "Asteria, nikuulize. Kizimba kimoja kina samaki wangapi?"

"Elfu kadhaa."

"Na Mlezi ni wangapi?"

Asteria aliinua kidole kimoja.

"Nakuuliza si kwa kukukomoa. Na mimi nimekesha na swali hilo. Hofu ipo. Hatuwezi kuifuta duniani, tunaweza kuigawa tu. Zamani waligawana wote. Sasa anaibeba mmoja. Ukinionyesha njia ambayo habebi hata huyo mmoja, kesho nitaifuata, na watu wa Mlimani waendelee kula. Lakini ni lazima wapate kula."

"Wakaguzi wakija wakimpima?"

"Hawatampima." Dokta alisema kwa sauti ya uchovu, si ya ujanja. "Sheria inawahesabu wanaokufa. Mlezi hafi."

Asteria alitoka pale na maneno hayo yakamkaa kifuani kama mfupa. Jambo lililomuumiza zaidi ni kwamba Dokta hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mtu mbaya, kazi ingekuwa nyepesi.

*

Baba yake Asteria alipofariki, nyumba yao ilijaa watu kwa juma zima. Wanawake walitandika mikeka sebuleni wakalala humo humo, huyu miguu yake kwenye kichwa cha yule. Hakuna aliyesema jambo la maana. Walipika, walichambua mchele, waliulizana bei ya sabuni. Mama yake alikaa katikati yao, na siku ya nne, bila mtu kumwambia, akanyoosha mkono akachukua kikombe cha chai. Asteria hakuwahi kusoma kitabu kilichomweleza vizuri zaidi matanga ni kitu gani. Mtu aliyefiwa haachwi peke yake, basi.

Na Mlezi alikuwa amefiwa na kizimba kizima, akatiwa kwenye tangi jeupe peke yake.

Kwa hiyo, bila kumwambia Dokta, alichukua wavu mdogo wa mkono, akavua kuhe sita wachanga kutoka Kizimba cha Pili, akawaweka ndani ya tangi.

"Unamletea wageni?" Bukuru alimkuta akiwamimina.

"Wanakuja kukaa matanga."

Bukuru alitazama tangi, akamtazama yeye, akaona hatanii. Akavua kofia. "Poleni wafiwa," aliwaambia samaki kwa heshima zote, kisha akaenda zake kwenye pampu.

Siku ya kwanza wale sita walijikusanya upande wa mbali. Siku iliyofuata mmoja alisogea hadi ubavuni mwa Mlezi akakaa pale, pezi lake likigusa la Mlezi. Mwishoni mwa juma Mlezi alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Alikula. Mistari yake ilianza kurudi, na Asteria alipotumbukiza kipima-hofu karibu na matamvua yake, taa ikawaka njano, njano ya kwanza katika tangi lile. Alitamani kumpigia mtu simu. Aliishia kumpigia mama yake, akamwambia tu kwamba kazi inaendelea vizuri, na mama akasema, "Sauti yako leo ina jua."

Wale sita hakuwapima. Haikumjia akilini. Katika matanga hakuna anayeuliza waliokuja kufariji wanaondoka na nini.

Tarehe ya kuvuna Kizimba cha Pili ilipokaribia, Dokta alitaka idadi ya samaki ikamilike. Asteria akawarudisha sita wale kwa wenzao kimyakimya, akiwashukuru moyoni.

*

Siku ya mavuno mawingu yalikuwa mazito na maji yana rangi ya risasi. Kule Mlimani watu walikuwa wamekaa bila kitoweo kwa siku nyingi, na watoto wa shule walikuwa wameteremka hadi ukingoni kuyangoja matoroli, wakirushiana vijiwe.

Dokta alitoa ishara. Kidonge kilifunguka, mapezi ya Mlezi yakakunjuka, akaingia Kizimba cha Pili taratibu kama bibi harusi. Kundi lilimgeukia. Wa mbele walianza kumfuata, na Bukuru akawasha pampu.

Ndipo Asteria alipowaona wale sita. Aliwatambua kwa udogo wao. Walikuwa wamekuja mbele kumlaki Mlezi, na walipofika karibu naye walisimama ghafla, kana kwamba wamegonga kioo. Mwili waliokuwa wakiuona ulisema amani. Lakini walikuwa wameishi naye. Walikuwa wameonja maji yake kidonge kikiwa kimefungwa, wakaijua hofu yake kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba aliyolala. Mmoja alipiga mkia, akageuka, akakimbia.

Kilichofuata kilikwenda haraka kuliko jicho. Kundi zima liligeuka kama shuka linavyokung'utwa. Samaki walijirundika kwenye pembe ya wavu, wakapandana, na maji yakachemka kwa mikia. Boya liliruka kutoka kijani hadi nyekundu bila kupita njano.

"Zima!" Dokta aliita. "Bukuru, zima!"

Bukuru alikuwa amekwisha kuzima. Alijitupa majini na nguo zake, akajaribu kuinua pembe ya wavu kwa mabega ili walio chini wapate maji. Asteria akamfuata. Chini ya maji palikuwa na giza la miili. Alisukuma, alivuta, alitia mikono yake katikati yao ili kuwatenganisha, na wao, wakimwogopa na yeye, wakazidi kusongamana. Waliendelea hivyo mpaka wavu ukatulia, na haukutulia kwa sababu walikuwa wamefanikiwa.

Alipoibua kichwa alimwona Mlezi. Alikuwa peke yake katikati ya kizimba kitupu, mapezi yamekunjuka, anapumua polepole, mzuri kama picha. Kidonge kilikuwa bado wazi.

*

Walifukia hadi jioni. Watoto wa shule waliambiwa warudi nyumbani. Mmoja aliuliza kwa nini samaki wengi hivyo wanatupwa.

Bukuru alimwaga chokaa bila utani hata mmoja. Alipomaliza alisema tu, "Mke wangu ataniuliza leo nimeleta nini," akapanda njia ya kwao.

Asteria alibaki na Dokta kando ya shimo. Alimweleza yote: wavu wa mkono, wale sita, pezi lililogusa pezi, njano aliyoifurahia. Hakujitetea. Dokta alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yake myeupe kwa chokaa.

"Nilikuwa nikijiuliza siku zote," alisema, "kwa nini njia hii inakubali. Nilidhani ni kidonge. Kumbe ni upweke wake. Wakimjua, hakubaliki. Mtambo wenyewe ni ule upweke." Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo dawa ni rahisi. Asikae na mtu tena. Kamwe. Anaingia mgeni, anatoka mgeni."

"Dokta."

"Nakwambia kinachofanya kazi. Sijasema kinanifurahisha."

"Hawa hawakufa kwa sababu Mlezi alipata wenzake," Asteria alisema. "Walikufa kwa sababu alikuwa na jambo la kuficha. Anarudi. Hilo ndilo analolijua na wao hawalijui. Tungemwacha akae nao tangu mwanzo, waende wote, afike penye panda aende nao, angekuwa na nini cha kuficha?"

"Unataka kumuua."

"Sitaki." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nampenda kuliko inavyofaa. Lakini niambie atakwenda wapi. Nje ya wavu hakuna cha kumlisha. Ndani ya tangi ni ile kona. Kwenye kizimba chochote tutakachomweka, siku itafika tutawatoa wenzake wote mbele ya macho yake tumwache. Tumemnyima kitu kimoja ambacho kila samaki wetu anacho, Dokta. Tumemnyima mwisho."

Upepo ulipita juu ya shimo ukainua vumbi jeupe.

"Kumfundisha mlezi mpya ni msimu mzima," Dokta alisema. "Kila mavuno mlezi wake? Tutavuna nusu ya tunavyovuna. Watu watakula maharage nusu ya mwaka. Mama yako pia."

"Najua."

"Na kama hawatamfuata bila kidonge?"

"Tutafukia tena, na kituo kitafungwa, na nitakuwa nimekosea mara mbili."

Dokta alinyanyuka kwa shida, akashika kiuno. Alimtazama binti huyo kwa muda, naye Asteria akajiandaa kufukuzwa kazi.

"Kidonge nilikiweka mimi," mzee alisema. "Nitakitoa mimi."

*

Alikitoa kesho yake, mikono yake ikiwa thabiti kuliko siku zote. Mlezi akatiwa Kizimba cha Tatu, kilichokuwa na kundi ambalo halijawahi kumwona.

Mwanzoni ilikuwa kama Asteria alivyoogopa. Hofu yake iliwaingia. Boya liliwaka nyekundu, likakaa nyekundu, na Bukuru alipita akisema hata yeye sasa anaogopa kulitazama. Lakini hakuna aliyekuja kuvuna. Hakuna aliyetolewa. Siku zilipita, chakula kilikuja, maji yalipoa na kupata joto, na hofu ile, iliyokuwa imembana samaki mmoja hadi kumgeuza ukutani, iligawanyika kati ya maelfu ikawa nyembamba, kisha nyembamba zaidi. Njano. Siku moja moja, kijani. Kuhe mmoja mkubwa akawa haachani na Mlezi; wakasafisha pamoja sehemu ya sakafu ya kizimba kama wanaotaka kutaga, wakilinda kipande kile dhidi ya kila aliyekaribia.

Mlimani watu walikula maharage. Mama yake Asteria hakulalamika, ila alianza kumsimulia kwenye simu ladha ya migebuka ya utotoni mwake, na Asteria alielewa.

Asubuhi ya mavuno hapakuwa na ishara ya kutoa. Bukuru alifungua lango la bomba, akasubiri. Dokta alisimama nyuma, mikono mgongoni. Mlezi aliliona lango. Alilijua. Alikaa mbele yake muda mrefu, kisha samaki yule akaingia, kwa kuwa njia ile aliizoea, na kuhe mkubwa akaingia nyuma yake, kwa kuwa hakutaka kumwacha. Kundi likafuata. Si kwa mstari mzuri kama zamani. Walisukumana kidogo, walisita, waliguswa na wenzao wakasogea.

Asteria alikuwa amepiga magoti juu ya panda, mkono kwenye mpini.

Mlezi alifika. Akakata kushoto kama siku zote, akaukuta mlango umefungwa. Aligusa chuma kwa pua. Akagusa tena. Jicho lake moja lilikuwa juu, moja kwa moja chini ya uso wa Asteria, na Asteria hakuweza kujidanganya kwamba jicho lile halikumwona. Mkono wake ulikaza mpini. Nguvu ya kuuvuta ilikuwa ndogo, mtoto angeweza.

"Njano," Bukuru alisema kwa sauti ya chini.

Hakuvuta. Alilia bila sauti na hakuvuta. Chini yake kuhe mkubwa alifika akasimama ubavuni mwa Mlezi, wengine wakajaa nyuma yao, mapezi kwa mapezi, na njia ikawa nyembamba mno kwa samaki yeyote kubaki amegeukia ukutani. Mlezi aligeuka. Wakaenda kulia pamoja.

Njano ilibaki mpaka walipopita wao wawili. Baada yao ikarudi kijani, ikakaa kijani hadi wa mwisho.

Bukuru alizima pampu. Dokta Kaboko alisogea polepole na kifaa cha kutuma taarifa mkononi. Alikohoa.

"Ilikuwa kitambo kidogo tu," alisema. "Kila mtu huingoja ipite. Nikituma kijani, hakuna atakayeuliza, na matoroli yanapanda sasa hivi." Hakumtazama usoni. "Nakuachia wewe."

Asteria aliyatazama matoroli, na mbele zaidi watu waliokwisha kuteremka na vikapu vyao, wamekaa kwenye majani wakizungumza. Mama yake hakuwa mbali nao.

"Leo amekufa, Dokta," alisema. "Kwa hiyo leo anahesabika. Tuma njano."

"Watakuja. Watachukua siku mbili, tatu, kabla ya kuruhusu. Labda wasiruhusu."

"Wakija nitawaeleza. Nitaanzia tangini."

Mzee alivuta pumzi. Kidole chake kilikaa juu ya kioo cha kifaa, kikashuka kwenye njano. Kisha akaenda mwenyewe kwa wale waliokuwa kwenye majani, akainama kuzungumza nao, na mmoja mmoja wakaanza kuinuka na vikapu vitupu. Bukuru alikuja na magunia ya pumba za mbao, akaanza kufunika barafu ya samaki waliovunwa ili isiyeyuke upesi. Asteria aliachia mpini, akashika pembe ya gunia upande wa pili.